Mwalimu mkuu aje akae darasani, kupita dirishani hakutusaidii

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila matokeo ya mitihani yakitoka mjadala ni uleule, wazazi wanasema walimu wavivu, walimu wanasema watoto wa siku hizi ni simu tu, na mwalimu mkuu anatajwa mwisho kabisa, tena akitajwa ujue anataka kuvuliwa cheo. Hakuna anayeuliza huyo mkuu siku nzima alikuwa anafanya nini. Mi nimefundisha hisabati miaka 19 chini ya wakuu wanne tofauti na hilo ndo swali langu la leo.

Kwanza tukubaliane kwamba mkuu ana uzito. Mwaka 2021 watafiti watatu wa Marekani, Jason Grissom, Anna Egalite na Constance Lindsay, walipitia tafiti za miaka 20 wakapiga hesabu hivi: wapange wakuu wa shule mstari mmoja wa watu 100, dhaifu zaidi awe wa kwanza na hodari zaidi awe wa mia, halafu shule moja uiondolee wa 25 uipe wa 75. Watoto wa shule hiyo kwa mwaka mmoja wanapata kama nyongeza ya miezi 2.9 ya kujifunza hisabati na miezi 2.7 ya kusoma. Kwa mwalimu wa darasa mabadiliko kama hayo yanaleta karibu miezi minne, kwahiyo mwalimu bado yuko juu kidogo, ila mwalimu anagusa darasa lake na mkuu anagusa shule nzima, hapo ndo penye uzito wenyewe.

Sasa anagusaje? Ngoja nisimulie ya kwangu. Mkuu wangu wa pili alikuwa mtu wa kuzunguka, ana daftari lake gumu, anasimama mlangoni kama nusu dakika, anaangalia ubaoni, anaangalia kama andalio la somo liko mezani, anaweka tiki, huyoo kaenda darasa linalofuata. Sisi tulishamsoma, kiatu chake kikisikika kwenye korido sauti ya mwalimu inapanda, watoto wanakaa wima, akipita tu tunarudi tulikokuwa. Miaka mitatu hajawahi kuniambia neno moja kuhusu ninavyofundisha, na nilimwona mchapakazi kwelikweli, manake alikuwa hakai ofisini.

Aliyemfuata alikuwa mama mmoja mpole, wiki yake ya pili tu akaja akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa mbao, akakaa kipindi kizima. Nilitetemeka, siwezi kuficha. Baadaye akaniita, hakuwa na fomu wala nini, ana karatasi moja tu akanisomea: mwalimu umeuliza maswali 14, 9 umejibu mwenyewe. Halafu akauliza, yule kijana wa karibu na dirisha la mwisho, mbona hujamwita hata mara moja? Mhariri, mi nilikuwa sijui kama nafanya hivo. Nimefundisha miaka nane najijibu maswali yangu mwenyewe! Tukakubaliana nikishauliza nihesabu kimoyomoyo hadi tano kabla sijafungua mdomo, na akaahidi kurudi Alhamisi ya wiki inayofuata, na kweli akarudi.

Nilidhani ni bahati yangu tu, kumbe watu wameshalipima. Grissom huyohuyo na wenzake Susanna Loeb na Benjamin Master walituma watu wafuatane na wakuu wa shule kama 100 hivi wa Miami-Dade kule Florida, siku nzima, wanaandika kila wanachofanya, wakachapisha mwaka 2013. Mambo ya ufundishaji yalichukua asilimia 12.7 tu ya muda wa mkuu. Na sehemu kubwa ya hicho kidogo ilikuwa ni yale matembezi ya kuchungulia madarasa, huku kukaa na mwalimu na kumwelekeza ikiwa kama nusu ya asilimia moja, yaani ni dakika za kuhesabu kwa wiki. Sasa sikia matokeo. Shule ambazo mkuu alitumia muda mwingi kuwaelekeza walimu watoto wake walipiga hatua zaidi, na zile za kuchungulia zilienda chini, hasa pale ambapo matembezi yenyewe hayakuchukuliwa kama njia ya kumwendeleza mwalimu. Najua mtu atasema labda shule zenye matatizo ndo zinachunguliwa zaidi, na ni kweli utafiti wa aina hiyo haufungi mjadala, lakini ungeuliza ofisi yoyote ya walimu wangekujibu bila kufuatana na mtu.

Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake nao mwaka 2008 walijumlisha tafiti 27, wakatenganisha mambo matano ambayo wakuu hufanya, kuweka malengo, kupanga rasilimali, kusimamia ufundishaji na mtaala, kuweka mazingira ya utulivu, na la tano ni mkuu kuhamasisha mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki humo. Hilo la tano liliyaacha mengine mbali, nguvu yake ni kama mara mbili ya linalofuata. Neno ni kushiriki. Mkuu anayefungua semina kwa hotuba halafu anaondoka ana kikao kingine, huyo hajashiriki, amekata utepe.

Najua wakuu wakisoma hapa watanuna, na wana haki. Makaratasi ni mengi mno. Fomu ya mahudhurio, ripoti ya mwezi, mpango wa maendeleo ya shule, barua za juu zinazotaka majibu leo kabla ya saa nane mchana, na grupu la WhatsApp la wakuu linaita mpaka usiku. Kule India kwenye jimbo la Madhya Pradesh walijaribu mpango mkubwa wa kuboresha uendeshaji wa shule, zikakaguliwa, zikapewa alama, zikaandika mipango ya maboresho mizuri tu, watafiti Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh wakapima wakakuta mafunzo ya watoto hayajabadilika na mahudhurio ya walimu yako palepale. Karatasi zilikuwa zimejazwa vizuri lakini, kwahiyo mpango ukaonekana umefaulu na ukasambazwa kwenye shule zaidi ya laki sita. Nilicheka halafu nikaacha kucheka.

Kuna na suala la walimu kuondoka. Watu wanadhani mwalimu anakimbia mshahara tu. Utafiti wa mwaka 2011 wa walimu wapya wa jiji la New York ulikuta katika mazingira yote ya kazi kitu kilichosukuma zaidi uamuzi wa kubaki au kuondoka ni uongozi wa shule. Mimi mwenyewe niliandika barua ya kuhama enzi za yule wa daftari gumu, iko nyumbani mpaka leo, sikuipeleka kwasababu alihamishwa yeye kwanza.

Na hapo kwenye kuhamishwa pia pana jambo. Kule Houston, Marekani, mtafiti Roland Fryer alichukua shule 58, akazigawa kwa bahati nasibu, nusu yake wakuu wakapata mafunzo ya saa 300 kwa miaka miwili, namna ya kupanga masomo, kusoma takwimu za wanafunzi, kumwangalia mwalimu na kumpa mrejesho. Mwaka wa kwanza alama zilipanda, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wakuu waliobaki shule ileile miaka yote miwili. Yule mama yangu wa karatasi moja alikaa mwaka mmoja na nusu. Akapandishwa cheo, sasa anakagua mafaili mahali fulani, na sisi tukaletewa mwingine ambaye mpaka leo simjui anapenda nini zaidi ya usafi wa uwanja.

Sasa ombi langu kwako mhariri, ukichapisha tena ile orodha ya shule zilizofaulu na zilizoboronga, tuongezee safu mbili pembeni, mkuu wa shule hiyo amekaa hapo miaka mingapi, na walimu wangapi wameondoka mwaka huo. Wasomaji tutajijazia wenyewe yaliyobaki.

Mwalimu wa hisabati,
msomaji wenu wa siku nyingi