Kaka, mi najua haikuwa bia

Kaka shikamoo. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu hupokei, meseji unasoma hujibu, af pia naamini wapo wengi wameshapatwa na kilichokupata kwenye ile sendofu wakaona aibu wakajifungia ndani.

Watu wanasema ulizidisha bia. Mi nilikuwa meza ya pili, mkononi ulikuwa na soda. Dijei yuko kwenye zilipendwa, we uko katikati unacheza vizuri tu, akaingiza Kifo ya Remmy Ongala, na wala hukuacha palepale, uliendelea kidogo mabega yanakwenda na gitaa, mara ukasimama ukaziba uso na shati ukatoka nje.

Sasa kaka ule wimbo ni mtego jamani. Ukifuata magitaa tu unaweza ukadhani ni wa harusi, yanakimbizana, miguu inaanza yenyewe, kumbe anaimba kifo. Dokta Remmy ndo alikuwa fundi wa mambo hayo. Mtu kazaliwa Kindu huko Congo mwaka 1947, kaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila, akawa msemaji wa wanyonge mpaka kituo cha daladala kikabeba jina lake, leo konda akiita "Sinza kwa Remmy" hata mtoto aliyezaliwa baada ya 2010, mwaka aliofariki, anajua pa kushukia. Wengine wakiimba msiba wanapunguza mwendo, unajiandaa, unatafuta leso kabisa. Yeye anakuchezesha kwanza, ukishajiachia ndo neno linaingia.

Na we msibani kwa mama mkubwa hukuachiwa hata dakika ya kujiachia. Turubai we, viti vya kukodi we, mochwari we, daftari la rambirambi we, na wazee wamekukalia jikaze, jikaze, we ndo mkubwa. Ukajikaza kweli. Pole zenyewe zilikuwa nyingi mpaka ukawa unajibu "nishapoa" huku macho yako kwenye sufuria za wali kama zinatosha. Ulikuwa unalinda mlango wa mbele, wimbo ukapitia dirishani.

Af mama mkubwa na Remmy unawajua. Jumapili anafua, kanda inazunguka mpaka betri zinaisha nguvu na sauti inaanza kuvutika, na bado anaimba nayo hivohivo. Remmy alipookoka akaanza kuimba injili ndo mama mkubwa akatushinda kabisa, "sasa hata mchungaji hana la kuniambia". Ulitegemea miguu isikumbuke?

Watu wa taarab hili walishalimaliza zamani sana. Mama wa watu kakaa zake kimya, mstari mmoja unamgonga, anainuka kwa madaha mpaka mbele anamtunza mwimbaji noti, machozi yanamtoka na hamna wa kumuuliza una nini. Labda mume, labda jirani, labda kuna mtu kamkumbuka, kila mtu ataondoka na lake na kesho umbea wake utapigwa lakini pale ukumbini ana ruhusa. Kwenye dansi ruhusa hiyo haipo, na mwanaume ndo kabisa, ukilia basi umelewa. Hapo wamekuonea, na shangazi aliyeanzisha hayo maneno ya bia nimeshamwambia, kanuna, shauri yake.

Jambo la mwisho. Nasikia ile redio kaseti na kanda zote unataka kumuuzia fundi. Usiuze kaka. Kama shida ni hela nitajie bei, ila usinipige bei ya mjini, na ujue nitalipa kidogokidogo.