Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Usokotaji na Upashaji Joto wa Nyuzi za Poliesta ya Fuwele Kioevu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka. Semina, mafunzo ya wanachama wapya na ukaguzi wa maabara vilifanyika kama ilivyopangwa, na kwa kuwa kumbukumbu zake mnazo, sitazirudia.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kutumia sehemu kubwa ya fedha kununua tanuri la naitrojeni, yaani la kupashia nyuzi joto ndani ya gesi hiyo, badala ya mashine ya kuvuta na kukunja nyuzi kwa kasi zaidi, uamuzi ambao baadhi yenu mmeuita wa mwenyekiti peke yake. Ni kweli mimi ndiye niliyeuleta mezani, na bado nausimamia. Molekuli za poliesta ya fuwele kioevu, plastiki ambayo nyuzi zetu husokotwa kwayo, ni ngumu kama vijiti na huanza kujipanga zenyewe ikiwa bado imeyeyuka, na mvuto wa mara tu inapotoka kwenye vitundu vya kusokotea hukamilisha mpangilio huo mapema, kiasi kwamba kuongeza kasi huleta faida ndogo. Uzi uliotoka kusokotwa huwa tayari na ukakamavu mkubwa, yaani haunyooki kwa urahisi, lakini nguvu yake ya kuhimili kuvutwa bila kukatika ni takribani gigapaskali 1 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Ukipashwa joto kwa saa kadhaa, chini kidogo ya kiwango cha kuyeyuka na bila kuvutwa, hufikia takribani gigapaskali 3, kwa sababu ncha za molekuli huungana ndani ya uzi ulio yabisi, minyororo ikarefuka, na kiwango chenyewe cha kuyeyuka kikapanda. Nyuzi za Vectran, zilizotumika katika mito ya hewa ya chombo cha Pathfinder kilipotua Mirihi mwaka 1997, ni za jamii hii.

Madai kwamba tumeupuuza usokotaji hayana msingi. Mabaki ya kikemikali ya muungano huo wa ncha za molekuli huchelewa kutoka katika uzi mnene, hivyo wembamba unaopatikana wakati wa kusokota ndio unaoamua uzi ukae tanurini kwa muda gani. Joto likipandishwa kwa pupa, nyuzi hushikana kwenye bobini, jambo ambalo nilitahadharisha mapema.

Inasikitisha kwamba waliolalamika zaidi hawakuonekana katika kikao kilichopitisha uamuzi huo, ambacho akidi yake ilipatikana kwa shida, na kwamba zaidi ya nusu ya wanachama bado wanadaiwa ada, ilhali naitrojeni hainunuliwi kwa malalamiko.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kujaribu kupandisha joto kwa hatua na, pengine, kulirejea suala la mashine.

Mwenyekiti