Waambie habari za dhamana

Shela, Malindi

Shoga yangu,

Assalamu alaikum. Barua yako imenikuta napaa samaki, nikaisoma hapo hapo na magamba mikononi. Umefanya vyema kukubali kuingia kwenye kamati ya watumiaji wa mahakama huko Lamu, pale mahakimu na raia wanapokaa pamoja. Umeniuliza ukawaambie nini. Waambie habari za dhamana. Mengine wako watakaoyasema.

Unamjua ndugu yangu mdogo, yule mvuvi. Aprili 2020, wakati wa Korona, kafyu ya kukataza watu kutoka usiku ilikuwa ikianza saa moja jioni, na Kilifi nzima tumefungiwa, hakuna kutoka wala kuingia. Siku ile upepo uliwafia yeye na wenzake baharini, wakapiga makasia hadi viganja vikachubuka, wakafika pwani saa mbili kasorobo. Askari wakawakuta bado wanateremsha ndoo za tasi. Nahodha alikuwa na akiba yake, kesho yake akatoka. Ndugu yangu akatakiwa alipe dhamana ya shilingi 20,000. Nani alikuwa na pesa hizo wakati ule? Hoteli zimefungwa, samaki tunagawia majirani kwa kukosa mnunuzi. Akapelekwa rumande.

Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikapita, yumo ndani. Kutembelea watu gerezani kulikuwa kumesitishwa. Mama alichukua kanzu na sabuni mbili za mche mpaka langoni, akarudi nazo. Kanzu ile aliikunja akaiweka chini ya mto wake, haikuvaliwa na mtu mwaka ule. Siku ya 41 ndipo ndugu yangu alipowekwa mbele ya skrini, hakimu yuko upande wa pili. Akakiri, akaonywa, akaachiliwa. Siku 41 kwa kosa ambalo hukumu yake ilikuwa onyo!

Kinachoniuma ni kwamba Aprili hiyo hiyo wafungwa zaidi ya 4,800 waliachiliwa nchini, wa makosa madogo madogo na waliobakisha miezi michache, kwa kuogopa Korona isije ikaenea ndani ya magereza yaliyojaa. Jambo lile lilikuwa jema na nawashukuru waliolifanya. Lakini basi mlango mmoja unatoa watu, wa pili unaingiza wavuvi walioshindwa na dhamana. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inataka masharti ya dhamana yawe ya kiasi, tena inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Yamo humo tangu kabla ya maradhi. Kwa nini tungoje maradhi ndipo tuyakumbuke?

Nataka hakimu aujue mfuko wa mtu kabla ya kutaja kiasi. Afisa wa probesheni akija hapa bandarini akamuuliza nahodha, akauliza wachuuzi, kwa nusu saa atajua huyu kijana anaingiza ngapi kwa siku na kwamba hana pa kukimbilia, mama yake yuko hapa, mtumbwi wake uko hapa.

Skrini wasiziondoe. Nyinyi Lamu mna haja nazo kuliko sisi: mtu wa Faza mwenye jamaa yake gereza la Hindi apande boti hadi Mokowe, kisha atafute gari, na kesi yenyewe ni ya kutajwa tu, dakika tano. Bibi yako, Mungu amrehemu, alitusimulia jinsi jela ilipokuwa pale kwenye Ngome ya Lamu, mpaka 1984, mtu anatoka kwake kwa miguu kwenda kumwangalia mfungwa wake. Siku hizi ni nauli. Ila ndugu yangu anasema sauti ilikuwa ikikatika, maneno mengine hakuyashika, akawa anaitikia tu "ndiyo mheshimiwa" kwa woga. Hilo ulisimamie sana: mshtakiwa akae na mtu wa kumweleza, na aulizwe amesikia nini, ajibu kwa maneno yake.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Yeye mpaka leo jua likianza kushuka anavuta nyavu, hata samaki wawe wanaingia. Wenzake wamechoka kumsema.

Kuna nguru mkavu nimekuwekea, nitamtia kwenye basi la Ijumaa. Ukitoka kwenye kikao nipigie, hata usiku.

Shoga yako