Babu alihesabiwa jamani!

Bombo, Jumapili

Swabra wangu,

Salamu nyingi toka huku, watoto wazima, mvua inatunyeshea tu. Sasa sikia, ile kesi ya babu imeisha! Si unakumbuka shangazi Hawa kila Idi anaapa babu alihesabiwa sensa ya Uganda ya 2014, na Musa anamcheka, ati karani alikuja tumeshazika, maiti inahesabiwaje? Basi wote wawili wako sawa.

Nilikaa na shangazi nikamwambia nipe kidogokidogo. Karani alifika Jumamosi, mikeka bado imejaa uani, watu wa matanga wanakunywa chai, akafungua makaratasi yake akauliza nani alilala hapa usiku wa Jumatano. Hakuuliza nani yupo leo! Sensa ile ilikuwa ya waliolala usiku wa kuamkia 28 Agosti, na babu Jumatano alilala kitandani kwake akikohoa mpaka asubuhi, akafa Alhamisi saa nne usiku. Kwa hiyo zile milioni 34.6 za watu waliohesabiwa babu yumo.

Hapo ndo na la kaburi likafunguka. Cheti cha kifo kinasema 28, kibao cha kaburi kinasema 29, miaka yote tunamlaumu fundi. Kumbe wazee walimwambia kafa usiku wa Ijumaa, na wewe unajua kwetu jua likizama Alhamisi huo ni usiku wa Ijumaa tayari, yeye akaangalia kalenda ya ukutani, Ijumaa ni 29, akachonga.

Umri ndo unanisumbua bado. Cheti miaka 80, kitambulisho 1/1/1934, nikafurahi vinakubaliana, kumbe cheti kilinakili kitambulisho tu, na hiyo Januari mosi nusu ya wazee wa hapa wanayo, asiyejua siku yake anaandikiwa hiyo basi. Shangazi anasema mama yao alikuwa akisema babu alizaliwa mwaka nzige walipomaliza mtama, na nzige wale ni 1931. Mimi nawaamini nzige.

Sasa niulizie bibi yako huko Arua, utotoni alikuwa anamwita babu kaka au anamwita kwa jina tu? Maana akimwita kaka basi babu ni mkubwa kwake, na tarehe ya kuzaliwa ya bibi tunayo, baba yake aliiandika ndani ya jalada la msahafu. Muulize asubuhi kabla hajachoka, na usimtajie nzige kwanza, atakubali kila kitu.

Musa nishamwambia, kanyamaza. Shangazi hashikiki.

Wako,
Zaituni