Wito wa harambee: kamera ya kuonea damu ikipita

Ndugu na marafiki wa kikundi chetu,

Tunawaita tuchangie kitu kimoja: kamera ya kuonea damu ikitembea ndani ya mishipa wakati ubongo au uti wa mgongo wa mgonjwa bado uko wazi mezani. Hadubini ya upasuaji hospitali inayo. Kamera hii hufungwa juu yake.

Wengi wetu tuliletwa hapa na mshipa uliotuna. Ukuta wa ateri kichwani hulegea, ukafura kama kifuko, na siku kifuko kikipasuka damu humwagika kuuzunguka ubongo. Daktari akiwahi, hubana shingo ya kifuko kwa klipu ndogo ya titani. Je, kimezibika chote? Na klipu haikubana kijishipa cha jirani, chembamba kama uzi, kinacholisha sehemu inayoendesha mkono au ulimi? Hata chini ya hadubini, kinachoonekana ni ukuta wa mshipa. Damu ya ndani, kama inakwenda au imesimama, mara nyingi haijulikani kwa kutazama.

Dada yangu alipasuliwa vizuri, kwa maneno ya wote waliokuwamo. Alipozinduka kutoka nusu kaputi nilimwekea kidole kiganjani, mkono wa kulia, nikamwambia, "Bana." Alinitazama, akajitahidi mpaka paji la uso likakunjamana, na vidole vikalala vilevile. Picha ya siku iliyofuata ilionyesha kijishipa kimebanwa pamoja na kifuko. Simlaumu daktari, hakuwa na njia ya kukiona. Linaloniuma ni kwamba fuvu likiwa wazi, klipu huweza kufunguliwa na kusogezwa palepale. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Ukinyimwa damu hausubiri kesho.

Kwa kamera hii, mtaalamu wa usingizi hupitisha kwenye mshipa rangi iitwayo indosayanini ya kijani, na daktari huwasha mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho. Skrini iko nyeusi. Mara ateri zinawaka nyeupe, kisha vena. Kifuko kilichozibwa hubaki cheusi, na ndivyo tunavyotaka. Kijishipa kilichobanwa kwa bahati mbaya nacho hubaki cheusi, na hapo daktari hurudisha mkono kwenye klipu. Ini huiondoa rangi upesi, nusu yake katika dakika 3 hadi 4 hivi, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya klipu kusogezwa.

Rangi yenyewe si ngeni. Ilianza kutumika kwa watu miaka ya 1950, kupimia moyo na ini, na mwaka 2003 wapasuaji wa ubongo walichapisha habari za kuitumia namna hii.

Wenzetu wa uti wa mgongo wasidhani wameachwa. Kuna ugonjwa ambao ateri hujiunga na vena mahali pasipostahili, shinikizo la damu likarudi nyuma kwenye uti, na miguu ikadhoofu polepole hata mtu akaambiwa ni uzee. Tiba yake ni kukata vena ileile inayobeba damu hiyo. Kamera humwonyesha daktari ni ipi, na baada ya kukata humwonyesha kama damu imeacha kukimbilia huko.

Tuseme ukweli wote: kamera huona pale tu mwanga unapofika. Mshipa uliojificha nyuma ya ubongo au nyuma ya klipu haitauona, na kwa wagonjwa wengine picha ya eksirei ya mishipa bado itahitajika. Mwenye mzio wa ayodini lazima aseme mapema, kwa sababu rangi hii ina ayodini kidogo.

Ndiyo maana tunaomba mafungu mawili. La kwanza ni la kamera. La pili ni la rangi, na hili tafadhali lisidharauliwe. Huja kama unga kwenye vichupa vya miligramu 25, na ikishachanganywa na maji lazima itumike ndani ya saa 6, inayobaki humwagwa. Kila upasuaji unahitaji kichupa kipya. Kamera isiyo na rangi ni pambo la ukutani.

Leteni taslimu au ahadi, hata kidogo kidogo kila mwezi. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, na ankara ya kamera itasomwa mbele ya wote kabla ya kulipwa. Dada yangu ndiye atakayeandika majina. Anaandika kwa mkono wa kushoto, mvumilieni kidogo.