Muguka hauwasaidii watahiniwa kukumbuka

Mhariri,

Kila mitihani ya kitaifa inapokaribia, hapa Malindi vijana huambizana kuwa muguka, majani ya jamii ya miraa, hufungua akili. Hutafuna huku wakidurusu mpaka adhana ya alfajiri, kisha huingia kwenye mtihani macho mekundu. Nafundisha baiolojia, na imani hiyo inanikera.

Somo hukaa kwenye sinapsi, pale chembe moja ya neva inapoipokeza nyingine habari. Chembe ya kwanza humwaga kemikali iitwayo glutamati. Ya pili ikiwa imesisimka vya kutosha wakati huohuo, milango yake hufunguka, kalsiamu huingia na kiungo hicho huimarika. Wanasayansi Tim Bliss na Terje Lømo walilionyesha hilo mwaka 1973 katika ubongo wa sungura: baada ya msisimko mfupi, sinapsi zilibaki na nguvu kwa saa kadhaa.

Dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, nazo husaidia kuamua kipi kidumu na kipi kipotee. Hapo ndipo muguka unapojiingiza. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi huzitoa kemikali hizo kwa wingi, mtahiniwa akajiona mchangamfu, anaelewa kila ukurasa. (Wenye stimu maskani nao hujiona wanasema hekima tupu.) Asubuhi ukimuuliza, hana kitu.

Sababu kubwa ni usingizi. Tukilala usingizi mzito, asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, hushuka sana, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, hupata nafasi ya kuyarudia ya mchana na kuyakabidhi kwa gamba la ubongo yahifadhiwe. Kemikali za kukesha zikiwa bado zimejaa kichwani, kazi hiyo haifanyiki inavyopaswa.

Mwaka 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilipiga muguka marufuku, mambo yakaishia mahakamani, na kurasa zenu zikajaa mzozo na wakulima wa Embu. Sawa. Lakini nani aliyewahoji wakuu wa shule za bweni wanaowaamsha watoto saa kumi alfajiri kwa prepu? Mtoto aliyenyimwa usingizi na shule atatafuta cha kumweka macho, na kibanda cha muguka hakiko mbali.

Wazazi wenzangu, katika mkutano ujao wa shule tuliulize hili kabla ya habari za karo. Prepu ya usiku iishe saa tatu na nusu, na kengele ya asubuhi isilie kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Mwalimu na mzazi,
Malindi