Ile 111 ya huko

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za watoto, na za Mwanaidi ambaye sufuria yangu mpaka leo hajarudisha. Sisi wazima, baridi tu.

Nakuandikia mbio kwa sababu Salma kanambia mama keshafika Wellington, na ukiwa kazini ndiye anayebaki na Tariq. Na pumu ya Tariq naijua. Basi shika hili: namba ya simu 111 ya huko New Zealand si hii yetu ya Leicester, Uingereza. Hapa tunaipiga mtoto akipata homa usiku, tunaulizwa maswali mpaka tunachoka, halafu tunaambiwa tumpe maji. La kufa na kupona ni 999. Huko New Zealand 111 ndiyo yenyewe: zimamoto, gari la wagonjwa, polisi. Nawe miaka yote hii ya Uingereza imekukaa kichwani kuwa 111 ni ya ushauri, utasita. Usisite! Ya ushauri huko ni Healthline, 0800 611 116.

Na chanzo chake kichekesho. Simu zao zile za kuzungusha zilipangwa tarakimu kinyume na za hapa, ukizungusha 1 mtambo unapokea mapigo tisa, sawasawa na 9 ya Uingereza. Wakaanzia mji wao wa Masterton, 1958. Simu zimekufa, namba imebaki. Marekani nao 911, Australia 000. Lugha moja, na namba moja imewashinda!

Lakini hasa namhofia mama. Namjua: atapiga, aanze na habari za asubuhi, watoto hawajambo? Mfundishe. Akiulizwa anataka nini, ajibu neno moja, ambulensi. Hilo hata kwa lafudhi ya Wete wataelewa. Kisha anwani. Mwandikie mtaa na namba ya nyumba kwa herufi kubwa, bandika kwenye friji. Na asikate simu hata asipoelewa wanalosema. Wala asihofie ankara, Wellington gari hilo ni bure kwa wakazi, si kama Auckland. Namba ni 111, shoga, nairudia kusudi.

Hivi simu yake ina laini ya huko, au bado ile ya Zantel? Pampu ya pumu ya Tariq unaiweka wapi, anaifikia? Jirani yupo wa kugongewa mlango? Na yule wa Chake aliyeahidi kukutafutia nyumba, kaishia wapi? Na vitenge vyangu, mama kavileta au kavigawa njiani?

Wako,
Rukia